Jumapili za Mpima Macho

Bango lilikuwa kubwa kama mlango, limeandikwa PIMA MACHO BURE kwa herufi nyeusi, na bado yule kijana alilivamia kwa kifua kizima. Likaanguka chali kwenye mchanga, na yeye akabaki amesimama juu yake, kasia begani, akitazama chini kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka.

Ilikuwa Jumapili ya soko la ufukweni, na watu walikuwa wamejaa pomoni. Kulikuwa na wauza kofia, wachonga vinyago, mafundi wa bangili, akina mama wa vikapu, na watoto waliovaa maboya kiunoni wakilia wapelekwe majini. Mpima macho alikuwa ametumwa na mwenye duka aje kutangaza biashara. Alikaa nyuma ya meza ya kukunja, koti jeupe juu ya gauni la manjano, viatu vya kazini vimejaa mchanga, akihesabu saa zilizobaki ili arudi zake nyumbani.

"Samahani dada," kijana akasema. "Sikuliona."

"Ndiyo maana liko hapo. Kaa."

"Mimi? Mimi naona vizuri tu."

"Basi nisomee mstari wa tatu."

"Mstari wa tatu wa wapi?"

"Kwenye karatasi."

Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akafinya macho. "Karatasi ipi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka nao, cheko la mtu asiyeona haya kuchekwa. Akakaa. Alikuwa na shati la bluu lililopauka kwa chumvi, miguu pekupeku, na mikono ya mtu anayefanya kazi ya mikono. Miwani yake, alisema, iko chini ya bahari wiki ya tatu sasa. Wimbi liliichukua akiwa anamfundisha mtu. "Kuna samaki mmoja huko chini sasa hivi anasoma magazeti."

Ndivyo walivyokutana. Huyo kijana alikuwa mwalimu wa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ambayo mtu hukaa ndani akipiga kasia lenye bapa ncha zote mbili. Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha michezo ya majini cha dada yake mkubwa, mwisho wa ufukwe. Makasia mengine aliyachonga mwenyewe kwa mbao, na kwa sababu hiyo pwani nzima ilimwita Kasia. Dada yake walimwita Nahodha, na mtu akimsikia mara moja akiwaamrisha watalii wavae majaketi ya kuelea, haulizi tena jina hilo limetoka wapi.

Jumanne yake Kasia alikuja dukani. Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya karakana ya baiskeli. Mbele palikuwa na viti vitano vya kusubiria, kisha pazia zito la kijani, na nyuma ya pazia chumba cha giza cha kupimia na benchi la mashine ya kukatia lenzi. Mpima macho alimkalisha, akaleta taa yake karibu na jicho, akasema kama anavyowaambia wote, "Tazama sikio langu."

"Sijawahi kuambiwa na mwanamke nitazame sikio lake."

"Usicheke, taa inacheza."

"Ni sikio zuri lakini."

"Kaka, nitakupa miwani ya bibi wa miaka themanini."

Alipomvalisha miwani mpya siku tatu baadaye, yenye mkanda wa kuikaza nyuma ya kichwa ili bahari isimwibie tena, Kasia alimtazama muda mrefu mpaka mpima macho akajitia kupanga karatasi. "Dokta," akasema, na jina hilo likaganda kwake tangu siku hiyo, "njoo Jumapili nikufundishe kuogelea."

"Mimi siingii baharini."

"Umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa. Dakika ishirini kwa basi."

"Na huingii baharini."

"Mama yangu anasema bahari ni ya watu wasio na kazi."

"Jumapili una kazi gani?"

Mama yake mpima macho alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, aliyemlea binti huyo mmoja kwa cherehani ya miguu na msimamo usioyumba. Nyumbani kwao Jumapili ilikuwa siku ya kupiga pasi.

Alikwenda. Mwanzo alikaa ufukweni na kitabu. Jumapili iliyofuata akaingia mpaka magotini. Ya tatu, Kasia alimlaza chali majini, kiganja kimoja chini ya mgongo wake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usishindane nayo. Yape maji uzito wako wote, yatakubeba." Mpima macho akakaza shingo, akameza maji, akakohoa, akamkaripia, akalala tena. Halafu ghafla masikio yakazama, kelele za dunia zikakatika, akaona mbingu tupu. Alipokuja kugundua, Kasia alikuwa amesimama hatua mbili mbali, mikono kifuani.

"Umeniachia saa ngapi?"

"Zamani sana, Dokta."

Mtu akimwuliza mpima macho leo raha ni nini, atamwambia ni miezi ile kumi na minne. Walikuwa wakiondoka na kayaki ya watu wawili asubuhi mapema, maji yametulia kama mafuta, mpaka kwenye mafungu ya mchanga yaliyokuwa yakijitokeza maji yanapokupwa. Huko waliokota vioo vya bahari, vile vipande vya chupa kuukuu ambavyo mawimbi yamevisugua miaka na miaka mpaka vikawa laini, rangi ya ukungu. Mpima macho aliona kipande cha kijani cha kwanza akakiinua juani, na fundi aliye ndani yake akaamka. Mashine inayolainisha kingo za lenzi ingeweza kukilainisha hiki pia. Akaomba ruhusa kwa mwenye duka, na baada ya saa za kazi akawa anavisawazisha, anavitoboa tundu dogo, anavipitisha uzi. Mwezi wa tatu alikuwa na meza yake mwenyewe kwenye soko la ufukweni, vidani na hereni zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Na mbele ya meza, Kasia alikuwa akiwaita wateja kwa sauti ya mnadani, akiwaapia wanawake wazima kwamba kile cha bluu kimetoka kwenye chupa ya marashi ya malkia.

"Muongo wewe."

"Una ushahidi kwamba hakikutoka?"

Jioni akitoka kazini, simu ilikuwa ikiita kabla hajafika kituo cha basi.

"Dokta, leo umevaa nini?"

"Koti jeupe. Kama jana."

"Na chini ya koti?"

"Gauni la kahawia na adabu. Wewe?"

"Mimi nimevaa chumvi. Mpenzi, nimepata kipande cha zambarau leo. Zambarau kabisa. Nimekificha kwenye shavu muda wote nikifundisha, wateja wakadhani nina jino bovu."

Alicheka peke yake barabarani, watu wakimgeukia.

Jambo moja tu lilimkera, na mwanzoni alilisukuma pembeni. Kasia aliokota vioo kwa nyayo. Wengine waliinama wakitazama; yeye alitembea polepole akipapasa mchanga kwa vidole vya miguu. Alisema ni ufundi. Lakini mpima macho alikuwa amempima mara tatu mwaka ule, na kila mara namba zilikuwa zimepanda. Mara ya tatu, hata lenzi kali kuliko zote kwenye sanduku hazikumwezesha kusoma mstari wa mwisho. Kioo cha mbele cha jicho, alijua kwa kuutazama ule mwanga ukivunjika, kilikuwa kinachongoka, kinajisukuma nje kama ncha ya yai. Ugonjwa huo hauponywi na miwani. Unamtaka daktari bingwa, na unamtaka mapema.

Akamwambia. Kasia akamjibu kwa mzaha. Akamwambia tena, Kasia akambusu kwenye sikio. Akamwambia mara ya tatu, Kasia akaacha mzaha.

"Dada akijua, ananitoa majini siku hiyo hiyo," akasema mwishowe. "Mimi sina kingine ninachokijua."

"Unachonga."

"Nachonga makasia ya kuingilia majini, Dokta."

Halafu ikaja ile Jumapili. Mpima macho alikuwa mezani kwake. Kikundi cha Kasia kilikuwa mbali kidogo, karibu na boya jekundu. Aliona kayaki moja ya manjano imepinduka, tumbo juu, na mkono wa mtu ukipiga maji. Mkono ule yeye aliuona kutoka ufukweni. Aliona pia Kasia, mita thelathini tu kutoka pale, akigeuza kichwa kushoto, akigeuza kulia, halafu akianza kupiga kasia kwa nguvu zake zote kuelekea upande usio wenyewe.

Nahodha ndiye aliyemtoa yule mtu, mzee mmoja karani wa benki, aliyetapika maji nusu saa na kusema hatarudi tena maishani. Kasia alisema jua lilimpiga usoni. Jua lilikuwa mgongoni kwake.

"Ukisema," Kasia akamwambia mpima macho walipobaki wawili, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "umenizika."

Alikaa na maneno hayo siku nne. Alhamisi akaomba ruhusa kazini, akapanda basi, akamkuta Nahodha akikausha majaketi, akamwambia kila kitu. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, akatundika jaketi la mwisho, akasema, "Asante, wifi yangu. Najua haikuwa rahisi." Ijumaa Kasia akavuliwa kazi ya majini.

Jumamosi asubuhi mpima macho alimpigia Kasia simu sita, na zote hazikupokewa. Lakini asubuhi hiyo hiyo alikuwa amempigia pia daktari bingwa wa macho katika hospitali kubwa, mtu aliyemfundisha chuoni, na akampatia Kasia nafasi Jumatatu. Alipanga amweleze Jumapili uso kwa uso, ufukweni, hata kama atamnunia. Jumapili Kasia hakutokea. Jumatatu simu yake ilikuwa imezimwa. Jumatano Nahodha akamwambia ndugu yake ameondoka na begi moja, amekwenda kwa mjomba wao mwenye karakana ya samani, mji wa mbali, na kwamba hata yeye hajui laini mpya.

Mpima macho alijikaza. Alitoa karatasi mkobani, akaandika jina la yule daktari na namba yake, akampa Nahodha. "Akikupigia, mwambie aende kwa huyu." Alikuwa na mengi ya kuongeza, lakini kiburi kilimzuia. Aliona kama ametupwa kwa kosa la kumwokoa mtu.

Miaka sita ilipita, na haikupita vibaya. Alinunua hisa dukani. Alitokea mtu mmoja mstaarabu, mwalimu wa hesabu, wakazungumza miezi minane, kisha wakaachana bila ugomvi, kama watu wanaoshuka vituo tofauti. Jumapili aliendelea kwenda baharini, ila alihamia upande mwingine wa ufukwe, mbali na kituo cha Nahodha. Huko alijifunza mwenyewe yale ambayo hakumalizia kufundishwa. Alianza kuogelea mpaka kwenye mwamba mdogo, kisha mpaka kwenye boya. Akifika anashika mnyororo, anapumzika, anatazama mji ukiwa mdogo. Kuna siku alijikuta akipapasa mchanga kwa vidole vya miguu, na chozi likamlenga, akajisemea ni chumvi.

Ndipo asubuhi moja ya Jumatano pazia la kijani likafunuliwa, na Nahodha akaingia chumba cha giza, amenenepa kidogo, mvi mbili mbele.

"Mikono imekuwa mifupi," akasema, akikaa. "Kusoma ujumbe lazima simu niiweke kule dirishani."

"Ni umri tu, dada. Miwani ya kusomea itatosha."

Mpima macho alimpima kimya kimya, asitake kuuliza habari za Kasia. Nahodha alimwacha ateseke kwa muda, halafu akamwonea huruma.

"Amerudi. Huu ni mwezi wake wa pili hapa. Yule daktari wako alimfanyia upasuaji jicho la kulia miaka mitatu iliyopita, akambadilishia kile kioo cha mbele. Alikuwa akija na basi la asubuhi, anarudi na la jioni, hata kwangu hataki kulala. La kushoto bado lina ukungu. Anachonga pale kituoni, nimempa banda la nyuma."

"Nashukuru amepona."

"Nilimwuliza kwa nini haji kukusalimia. Akaniambia aje kufanya nini, wakati wewe ulishamwacha kabla hajaondoka."

Mpima macho aliweka taa mezani. "Nani alimwacha nani?"

"Hata mimi niliuliza hivyo hivyo."

Jumamosi alivaa gauni la bluu bahari baada ya kubadilisha nguo mara tatu mbele ya kioo, akajiona mjinga, akaenda. Banda la nyuma lilinukia mbao mbichi na vanishi. Makasia yalisimama ukutani kwa urefu, yakimeta. Kasia alikuwa ameinamia benchi, randa mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Amekonda, na mistari miwili imejichora kando ya mdomo. Akainua kichwa.

"Dokta," akasema.

"Habari za siku nyingi."

"Simama hapo hapo mlangoni kidogo. Usisogee."

"Kwa nini?"

Akamtazama kwa muda, bila kufinya macho. "Sikuwahi kukuona ukiwa mbali. Nilikuwa nakujua kwa rangi ya gauni na sauti. Kumbe ukisimama unauweka mguu mmoja mbele, kama mtu anayetaka kukimbia."

"Leo huenda nikakimbia kweli. Kasia, mimi nilikuacha lini?"

Akaweka randa chini. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, na alipoanza kusema hakumtazama.

"Ile Jumamosi nilikuja dukani. Nilikuja kukugombeza, sikufichi. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Nikapanda ngazi, nikafika kwenye pazia, nikasikia simu. Ulikuwa umeiweka juu ya benchi, umeifungulia spika, unakata lenzi. Mama yako alikuwa anaongea. Alisema mtu asiyeona atakutunzaje. Alisema utakuja kumshika mkono barabarani mpaka uzeeke. Akasema mwambie mapema, usimzungushe mtoto wa watu. Na wewe ukasema, sawa mama, nitamwambia kesho."

Nje watu walikuwa wakicheka na kurushiana maji.

Mpima macho aliikumbuka simu ile neno kwa neno. Alikumbuka mashine ikilia, mgongo ukimuuma, na namna alivyosema sawa mama kama mtu anavyofunga mlango kuzuia baridi.

"Ulisikiliza mpaka wapi?"

"Mpaka hapo. Ulitaka nisubiri nini tena?"

"Ungesubiri sentensi moja. Nilimwambia mama kwamba kesho nitakueleza kuwa nimekupatia daktari, na Jumatatu nitakwenda nawe. Mama akakata simu, hakunisemesha siku mbili."

Kasia alikaa polepole juu ya gogo. "Dada aliponipa lile jina la daktari," akasema, "nilidhani unanipa kiinua mgongo. Kwamba umenistaafisha kwa heshima."

Mpima macho karibu acheke, na hicho ndicho kilichomtia hasira zaidi. "Miaka sita. Kwa simu ya dakika tatu. Lile ni pazia, Kasia, halina kufuli. Ungelifunua. Ungenitukana. Mimi nilikuwa nyuma yake na lenzi mkononi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, wewe unayecheza na mawimbi?"

"Kwamba mama yako amesema kweli."

Mpima macho akageuka, akatoka, akatembea mpaka kituo cha basi na viatu mkononi.

Siku hiyo jioni simu iliita, namba asiyoijua, naye akajua.

"Dokta, umevaa nini?"

"Hasira."

"Na juu yake?"

Mpima macho alikuwa ameketi kitandani, gauni la bluu bado mwilini. "Usifanye hivyo," akasema. "Usinirudishe nyuma kwa mzaha. Mimi siwezi kurudi kule. Nina miaka thelathini na minne. Kuna vitu tungekuwa navyo sasa hivi, na hatunavyo."

"Najua."

"Hujui."

"Kila mwaka tarehe ile ya soko nilikuwa nahesabu. Mwaka wa pili nikasema tungekuwa na nyumba ndogo. Wa nne nikasema tungekuwa na mtoto anayekataa kula. Najua, mpenzi. Nakuomba radhi kwa yote, na kwa mtoto huyo pia."

Mpima macho alilia, si kwa kwikwi, machozi tu yakimteremka, simu sikioni, na Kasia hakukata wala hakumwambia nyamaza. Baada ya muda akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Ile kayaki ya wawili bado ipo, tutoke nayo Jumapili?"

"Ipo. Ina kiraka."

Jumapili walitoka asubuhi. Mpima macho alikaa nyuma, mahali pa kuongozea, ambapo zamani palikuwa pa Kasia, na hakuna aliyelizungumzia hilo. Kasia alivaa miwani ya maji iliyobana, maana jicho lililopasuliwa halipendi chumvi. Walipiga makasia bila kusemezana mpaka kwenye boya. Hapo mpima macho akavua jaketi, akajitosa, akazunguka boya lote kwa mikono mirefu isiyo na haraka, akarudi na kushika ukingo wa kayaki.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mwalimu wangu alitoroka, ikabidi nijitegemee."

Kasia akacheka, kisha kicheko kikamfia. "Ningependa ningekuwepo," akasema.

"Hata mimi ningependa."

Hawakuoana mwezi ule wala uliofuata. Walirudiana kama watu wanaohamia nyumba waliyowahi kuishi, wakigongana na kuta zilizosogezwa. Kasia alikuwa amejifunza kunyamaza sana. Mpima macho alikuwa amezoea kuamua peke yake. Waligombana kwa sababu ya vitu vidogo, na kila wakigombana Kasia alibaki pale pale, hata kama ni kwa kukunja uso tu, mpaka yaishe. Mezani sokoni vidani vilirudi na mpiga debe wao. Mwezi wa tisa tangu warudiane, wakiwa kwenye fungu la mchanga, Kasia akiwa amejaza vioo kwenye kofia, alisema bila kupiga magoti wala kutafuta maneno, "Nataka kuzeeka na wewe. Tumeshachelewa kuanza."

"Mama kwanza," mpima macho akasema. Lakini alikuwa ameshika kofia ile kwa mikono miwili, na alikuwa anatabasamu.

Walikwenda Jumamosi mchana. Mama mtu alikuwa kwenye cherehani yake, sare za shule zimerundikana pande zote, tepu shingoni. Kasia alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakauka kama kadibodi. Akasalimia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa kiti. Chai ikaletwa. 

Kisha mama akasukuma kitambaa pembeni. "Binti yangu ameniambia ulisikia simu yangu."

"Nilisikia, mama."

"Maneno yale niliyasema, siyakani." Aliongea akitazama mikono yake. "Baba yake alilala kitandani miaka tisa. Nilimlisha, nikamwogesha, nikamshika mkono kwenda na kurudi. Nilimpenda, lakini nilichoka mpaka ndani ya mifupa, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliposikia habari za macho yako, sikukuona wewe. Nilimwona huyu, akiwa mimi."

Mpima macho alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akisema amechoka. Akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa mama, mkono mkavu, wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba.

"Mama," Kasia akasema, "siwezi kukuahidi kwamba hatanishika mkono. Daktari mwenyewe haahidi. Ila na mimi mikono ninayo. Na safari hii sitoki mlangoni kabla maneno hayajaisha."

Mama alimtazama uso mzima, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, akitafuta kasoro na akijua kwamba hakuna kitambaa kisicho nayo. Akainuka, akachukua tepu shingoni, akamwambia asimame, akaanza kumpima mabega.

"Hilo shati ulilovaa linakubana," akasema. "Siku ya harusi huwezi kuvaa kitu kama hicho. Unaona vizuri sasa?"

"La kulia naona vizuri, mama. La kushoto bado lina ukungu."

Mama aliandika namba kwenye karatasi, akahamia mkono wa pili.

"Basi atakaa kulia kwako," akasema.